Mbuzi Watatu Waliovuka Bahari

Jirani yangu wa Mlolongo, mama kijana anayeuza nguo za watoto chini ya ploti yetu, alinijia Jumapili moja nikianika shati. Wanawake wa chama chao wameamua kwenda Lamu Desemba, akasema, na kati yao wote hakuna aliyewahi kufika. "Wewe Kioko umetembea kila mahali," akaniambia. "Sasa mtu akifika hiyo kisiwa anafanya nini? Ama ni kukaa tu mkiangalia maji?" Nilimjibu haraka haraka. Waamke mapema, nikamwambia, waende pale samaki wanaposhushwa, na wasinunue kitu, watazame tu na kusikiliza watu wakibishana. Kisha wakale mahamri na mbaazi za nazi wakiwa wameketi chini kwenye mkeka. Mchana wapande darini wajinyooshe kivulini, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayetembea saa hizo. Alasiri maji yakitoka, waende Shela kwa miguu kwa njia ya ufuoni, viatu mkononi. Na wapotee vichochoroni makusudi, maana mji ule haukupotezi mbali; ukifuata mteremko utakuta bahari. Akacheka, akasema ningefaa kuwa wa kutembeza watalii. Hakujua kwamba wiki chache tu nyuma nilikuwa nimetoka huko huko, nikiwa na begi begani, nimechelewa mazishi ya kaka yangu. Mutua alikata roho asubuhi na alasiri alikuwa tayari ardhini, kama dini yake inavyotaka. Sisi kwetu Machakos maiti husubiri watu; husubiri wa Nairobi, husubiri wa Mombasa, husubiri hata yule mjomba aliyekosana na kila mtu. Kule hasubiriwi mtu. Nilisimama mbele ya tuta la mchanga, bwana mmoja akanionyesha upande wa kichwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba kila kitu ninachopenda kufanya kisiwani ni yeye aliyenifundisha, katika siku ambazo nilikuwa nimetumwa kumrudisha nyumbani.

Huo ulikuwa mwaka wa 1999. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda, basi nikawa naenda na baba karakanani. Baba, ambaye sisi tulimwita Nau kama Wakamba wamwitavyo baba, alikuwa mchongaji, na karakana yake ilikuwa ua wa mabati mjini Machakos, nyuma ya duka la hadwea lililouza misumari na rangi. Ukiingia mle ulipokelewa na harufu ya mti mbichi wa muhugu na ya chai iliyochemka mara tatu. Kazi ilienda kwa mikono mingi. Mzee Kimeu, rafiki ya baba tangu ujana, alikata gogo kwa shoka mpaka likaanza kufanana na kitu. Baba alilichukua akalitoa mwili kwa tezo. Kisha likapita kwa Mutua, aliyekaa karibu na mlango penye mwanga, naye kwa kisu kidogo akatoa uso: pua, midomo, na mwisho kabisa macho. Wanawake wawili wa pale mtaani walisugua msasa, na mimi nilipaka kiwi, ile ya viatu, ili ving'ae. Twiga, faru, Mmasai na mkuki wake, wote walipita njia hiyo. Hakuna kinyago kilichotoka katika ua ule ambacho mtu mmoja angeweza kukishika akasema hiki ni changu. Baba alijivunia jambo hilo. "Kinyago ya mtu mmoja," alizoea kusema, "ni kama wimbo ya mtu mmoja. Anaimba kwa choo." Watu walicheka, na Mutua alicheka nao. Leo nikiukumbuka uso wake wakati huo najaribu kuona kama kicheko kilifika mpaka machoni, lakini siwezi. Alikuwa daima ameinamia kitu cha mtu mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka tulikuwa tumepata oda ya pomboo kutoka Lamu. Mwenye duka la vinyago kule, Mzee Athmani, alikuwa na jamaa zake katika mtaa wa Waislamu wa Machakos mjini, na wao ndio waliomwelekeza kwetu. Alitaka pomboo wa kuuzia wageni. Katika ua mzima hakuna aliyekuwa amemwona pomboo. Tulikuwa na picha moja iliyokatwa gazetini, na pomboo mwenyewe alikuwa amechupa nusu, mkia umo majini. Tukabishana mkia unakaaje. "Samaki ni samaki," Kimeu akasema. "Mkia inasimama wima." Baba akamuuliza, "Umeona samaki wapi, Kimeu?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Kwa sahani." Basi wote tukawachonga na mkia wima, tukawasugua wakang'aa, tukawafunga kwa magazeti, wakaenda. Baada ya siku kadhaa simu ya pale hadwea ikalia. Mwenye hadwea akatuita, baba akasikiliza, na sisi tuliokuwa mlangoni tukaisikia sauti ya Mzee Athmani ikitoka kwenye simu kama ya mtu aliye chumba cha pili: "Bwana, hawa si pomboo. Hawa ni samaki wenye pua. Pomboo mkia wake walala, kama mkeka." Hakuwa na hasira, alikuwa akicheka, na pengine hilo ndilo lililomuumiza baba. Akaamua Mutua aende na visu vyake akawarekebishe huko huko, halafu arudi wiki ileile.

Mutua hakurudi wiki ile, wala mwezi ule. Mvua za masika zilipokwisha ndipo simu ya hadwea ilipolia tena, na safari hii alikuwa ni yeye mwenyewe. Amesilimu, akasema, anaitwa Musa. Ameoa. Mke wake ni Rukia, binti wa Mzee Athmani, na ana mimba. Baba aliirudisha simu mahali pake polepole, akamshukuru mwenye hadwea, akarudi kwenye tezo lake. Waliosema ni wengine. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la magogo nikipaka kiwi, na wale wanawake wa msasa walidhani nimetoka. "Wanawake wa huko wanaweka kitu kwa wali," mmoja akasema. "Mwanaume akila mara tatu, amesahau mama yake." Mwenzake akasugua kwanza, akafikiri. "Na sisi Wakamba, vile tunajulikana kwa uchawi Kenya nzima," akasema, "tunashindwa na wali?" Wakacheka mpaka wakaweka msasa chini. Lakini nyumbani jioni hakuna aliyecheka. Mama alipakua isyo, mahindi na maharagwe, akapakua na sahani ya Mutua kwa mazoea, akaitazama, akairudishia sufuriani punje kwa punje kana kwamba ilikuwa ya kuhesabiwa.

Lazima niseme ni nini kilichomsumbua baba, kwa sababu watu wengi hudhani ni dini. Dini ilimuuma, ndiyo, lakini alikuwa ameishi na Waislamu wa Machakos maisha yake yote, ameazima vyombo kwao, amekula sikukuu kwao. Kilichomkosesha usingizi ni ntheo. Kwetu mwanamume anaweza kukaa na mwanamke miaka na miaka, wajenge, wazae. Kama mbuzi watatu wa ntheo hawajafika kwa baba yake mwanamke, dume mmoja na majike wawili, na yule dume akachinjwa na kuliwa na pande zote mbili, basi huyo si mke, na watoto atakaowazaa si wa ukoo wetu. Na Rukia alikuwa na mimba. "Mjukuu wangu atazaliwa kwa watu," baba alisema usiku mmoja, nami nilimsikia kupitia ukuta. Mama akamjibu kwamba huko wana desturi zao, kwamba mahari imelipwa na sheikh amefungisha. "Hiyo ni yao," baba akasema. "Yetu iko wapi?" Asubuhi alitoka akaenda Mitaboni kwenye soko la mifugo, akarudi na mbuzi watatu waliofungwa kamba moja. Akasema ntheo itaenda Lamu. Itapelekwa na Kimeu, maana ntheo haipelekwi na mtoto, na mimi nitamsindikiza. Dume achinjwe na mtu wa kwetu. Akishaliwa, Mutua amchukue mke wake aje naye Machakos kabla hajajifungua, mtoto azaliwe nyumbani. Nilimwambia, "Nau, si twende sote?" Akanitazama kana kwamba nimesema upuuzi. "Baba hamfuati mtoto," akasema. Mama alitufungia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda, mfuko mzima, akaniambia nimpe Mutua mkononi mwake na si mkononi mwa mtu mwingine.

Safari yenyewe sitaieleza sana. Makondakta walitukataa, mwingine akatukubali, mbuzi wakalala kwenye buti pamoja na mzigo wa vitunguu, na kutoka Malindi tulisindikizwa na askari kwa sababu njia ile ilikuwa na majambazi. Mwisho wa barabara kulikuwa na gati, na mashua ya injini, na maji. Kimeu alikaa katikati ya mashua akimkumbatia yule dume kifuani, na sikujua nani alikuwa akimtuliza mwenziwe. "Hii maji yote inaenda wapi?" akamuuliza nahodha. "Hayaendi popote, mzee," nahodha akamjibu. "Yapo tu." Kimeu akafikiria jibu hilo kwa muda mrefu. "Hiyo ndiyo mbaya," akasema. Mutua alikuwa akitungoja ng'ambo, amevaa kikoi na kofia, amenenepa kidogo mashavuni. Alimwamkia Kimeu kwa Kikamba, akanishika kichwa kama alivyozoea, kisha akawaona mbuzi. Alielewa mara moja. Alishusha pumzi, akachukua kamba kutoka mkononi mwangu, akatutangulia kupita katikati ya punda na watoto waliotufuata wakiuliza kama tumekuja kuuza.

Sebule ya Mzee Athmani ilikuwa ndefu na nyembamba, kuta nene, na ndani yake ubaridi ambao sikuutarajia baada ya jua la nje. Ukutani kulikuwa na zidaka, vishubaka vya chokaa, na katika kimoja alikuwa amewekwa mmoja wa pomboo wetu, yule wa kwanza, mkia wima. "Huyo simuuzi," Mzee Athmani akasema alipoona namtazama. "Huyo ni wa kufurahisha watu." Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na tuliketi kwenye mkeka tukanywa kahawa yenye tangawizi mpaka Kimeu akakohoa akaanza hotuba. Alisema yote: jina la ukoo wetu, jina la baba, kwamba tumekuja kwa heshima, kwamba mbuzi walio nje ni watatu kama inavyotakiwa. Mzee Athmani alisikiliza kwa adabu. Alipomaliza akauliza, "Kwa hivyo hawa ni wa akika?" Kimeu akanigeukia. Mutua akaeleza: mtoto akizaliwa, Waislamu humchinjia mbuzi. "Mvulana ni mbuzi wawili," Mzee Athmani akasema, "msichana mmoja. Na nyinyi mumeleta watatu. Mwataka pacha?" Hata Rukia, aliyekuwa nyuma ya pazia na mama yake, tulimsikia akicheka. Kimeu hakucheka. Akaanza tena mwanzo, polepole, kama mtu anayerudia kupima gogo, na alipofika pale pa kusema kwamba bila mbuzi hawa yule binti si wetu na mtoto si wetu, Mzee Athmani akaweka kikombe chini. "Basi nimefahamu," Mzee Athmani akasema. "Mumekuja mbali kumwita mwanangu wenu. Si neno baya hilo."

Uani palitokea shida nyingine. Kimeu alisema dume lazima achinjwe na mtu wa kwetu, ndivyo alivyoagizwa. Mzee Athmani alisema nyama isiyochinjwa na Muislamu haingii nyumbani mwake, na wala si kwa kumvunjia mtu heshima. Wazee wawili wakasimama wakitazamana, mbuzi katikati yao akitafuna ukingo wa mkeka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi nyuma. Kisha Mutua akavua kofia akaiweka kwenye ukuta, akakunja mikono ya shati, akamlaza yule dume kwa ubavu kuelekea kibla, akasema Bismillahi, akapitisha kisu. Ilikwisha upesi. "Huyo ni mtu wa kwetu," Kimeu akasema. "Na ni Muislamu huyo," akasema Mzee Athmani. Wakapeana mikono juu ya damu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwa na hakika kwamba mambo yamekwisha, kwamba kilichobaki ni kula na kufunga mizigo. Tulikula wali wa nazi na ile nyama katika sinia moja, na katikati ya mlo Kimeu akaniinamia sikioni. "Sasa nimeelewa hiyo maneno ya wali," akaninong'oneza.

Baada ya kunawa, Kimeu alitoa sehemu ya mwisho ya ujumbe. Mke sasa ni wetu. Baba yenu anasema mje nyumbani, mtoto azaliwe huko. Nilimtazama Mzee Athmani, maana wote tulidhani upinzani utatoka kwake. Yeye akafungua viganja. "Mke humfuata mume," akasema. "Mimi sina neno." Macho yote yakamgeukia Mutua. Alikuwa akiokota punje za wali kwenye mkeka. "Tutazungumza," akasema. Kesho yake Kimeu aliondoka, kwa sababu kichwa chake kilikuwa bado kinazunguka na aliapa kwamba kisiwa kizima kilikuwa kikitikisika. "Wewe baki uje nao," akaniagiza. "Usikubali kurudi peke yako." Ndivyo nilivyobaki kisiwani, si kama mtalii, bali kama mtu anayengoja jibu.

Na wakati nikingoja, kaka yangu akanifundisha kisiwa. Aliniamsha asubuhi tukaenda kutazama samaki wakishushwa, changu na kolekole na papa wadogo, akanitajia majina yao kama mtu anayetambulisha jamaa. Tulikula mahamri barazani kwa jirani bila kualikwa. Tulipotea vichochoroni, yeye akijifanya hajui njia ili nami nisione haya. Rukia alinipikia muthokoi wa mama kwa tui la nazi, jambo ambalo hakuna Mkamba aliyewahi kulifikiria, na Mutua alikula sahani mbili, kisha akatoka nje akakaa kidogo. Alasiri tulikwenda Shela, akaniingiza majini mpaka kiunoni, akaweka kiganja chini ya mgongo wangu. "Legeza shingo," akasema. "Wewe unataka kushika maji. Maji hayashikwi." Nililala juu ya bahari nikitazama mbingu, masikio yamezama, na kwa mara ya kwanza maishani sikusikia sauti ya mtu yeyote akiniambia la kufanya. Nimekwenda visiwa vingine tangu wakati huo, Unguja na Pemba na Wasini, na kila nikifika hilo ndilo ninalolifanya kwanza, kabla ya kutafuta pa kulala. Lakini furaha yenyewe haijawahi kunijia safi. Daima kuna kitu chini yake, kama kiganja, kinachonikumbusha kwamba nilikuwa nimetumwa.

Kila siku nilimuuliza, "Tunaenda lini?" Na kila siku aliniambia, "Tutazungumza." Alikuwa na kibanda chake mbele ya duka la mkwewe, na saa za kazi nilikaa naye. Hapo ndipo nilipoona jambo nililopaswa kuliona mapema. Alikuwa akikata gogo mwenyewe kwa shoka. Alikuwa akitoa mwili mwenyewe, uso mwenyewe, akisugua msasa mwenyewe, na wapita njia wakisimama kumtazama. Shoka alilishika vibaya, Kimeu angemcheka. Hata hivyo alikuwa akiimba.

Mchana mmoja nilikuwa darini, nimelala chini ya paa la makuti, wao wakidhani nimesinzia. Sauti zao zilipanda kutoka uani. "Mimi ni tayari," Rukia alikuwa akisema. "Nguo zangu ni kidogo. Watu wameleta heshima yao mpaka huku, na mbuzi juu ya mashua. Watatuonaje?" Mutua akasema, "Si wewe." "Si mimi najua. Na babangu karidhika. Basi n'nani?" Nikasikia maji yakimwagwa kwenye ndoo. "Huko mimi ni macho tu," Mutua akasema. "Macho gani?" "Baba anaanza, mimi namalizia macho. Tangu niko mdogo. Nikirudi nitakaa pale mlangoni niweke macho kwa twiga wake mpaka nizeeke. Sijawahi kufanya kitu huko kikawa changu." Rukia akasogeza ndoo. "Mueleze basi," akasema. "Mueleze babako hivyo hivyo ulivyonambia." Naye Mutua akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtoto kabisa: "Hawezi kuelewa. Bora aone ni wewe." Sikuinuka pale darini mpaka adhana ya alasiri. Nyumbani watu wazima walikuwa wamemlaumu mwanamke ambaye hawajamwona, na huyo mwanamke alikuwa ameshakunja nguo zake.

Niliondoka peke yangu. Mutua alinisindikiza mpaka gatini akanipa pomboo wa kumpelekea baba, amefungwa kwa gazeti, mkia umelala sawasawa. "Mwambie tutakuja mtoto akiwa na nguvu," akasema. Rukia alinipa chupa ya achari ya maembe kwa ajili ya mama, akaniambia nisalimie watu wote wa nyumbani kwetu, na alisema "kwetu" akimaanisha Machakos.

Kimeu alikuwa ametangulia kueleza mambo kwa namna yake, kwamba mwanamke anasitasita na kwamba ni wali. Nilimkuta baba karakanani. Alifungua gazeti, akamweka pomboo kwenye goti, akampapasa. Kidole gumba chake kilipita mgongoni, kikasimama, kikarudi. "Mwili ametoa nani?" akauliza. "Yeye." "Na msasa?" "Yeye." "Hapa kwa mgongo amekimbiza tezo," akasema. "Angeniachia hapa." Alimgeuza akatazama uso kwa muda, na uso ulikuwa mzuri, mzuri kuliko nyuso zote alizowahi kutoa. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba kutoka baharini mpaka pale. "Ni mwanamke anamkataza?" Kimeu aliacha shoka hewani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kuna jibu jepesi ambalo lingewaruhusu wote kulala. "Hapana, Nau," nikasema. "Mke alikuwa tayari. Hata baba yake alikubali. Ni yeye hataki." Nikamweleza yale maneno ya macho, kama nilivyoyasikia. Baba hakukasirika. Alitazama uani mote, magogo, Kimeu, wale wanawake, mimi na kopo langu la kiwi, kama mtu aliyeambiwa kuna mwizi humu ndani. "Nani," akasema, "amewahi kumaliza kitu peke yake?" Akanipa twiga ambaye alikuwa bado hana uso, na kisu. Niliweka macho kwa vinyago vya baba mpaka Desemba, vibaya, kisha nami nikaondoka, na kusema kweli sijatulia mahali tangu siku hiyo.

Mtoto alikuwa msichana. Baba aliambiwa kwa simu kwamba anaitwa Rehema, akasema kwetu ni Mumbua, jina la mama yake mwenyewe, na akaendelea kuwauliza watu wote waliotoka pwani habari za Mumbua. Hawakuja mtoto alipopata nguvu, wala alipoanza kutembea, wala alipoanza shule. Walikuja baba alipofariki. Kwetu maiti husubiri, kwa hiyo safari hiyo hakuna aliyechelewa. Nilikuwa mlangoni pa boma walipoingia, Mutua na kofia yake, Rukia na buibui, na yule msichana katikati yao. Shangazi zangu walimkimbilia Rukia. Hawakuwa wamewahi kumwona, lakini ntheo ilikuwa imeliwa, na kila mtu ukooni alijua imeliwa. Basi alikuwa mke wa boma hilo na hakukuwa na la kujadili. Kabla hajaketi alikuwa amefungwa leso kiunoni, amepelekwa jikoni kwenye moshi pamoja na wakwe wenzake, na niliposogea nilimsikia shangazi mmoja akimgombeza kwamba anakata vitunguu vinene. "Kwani huko kwenu mnakula na nini, koleo?" Rukia alikuwa akifuta machozi ya vitunguu na kucheka. Mumbua alikuwa tayari mgongoni mwa binamu fulani, akizungushwa kuonyeshwa mbuzi na kuku na makaburi ya wazee.

Mutua aliketishwa chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, pamoja na wageni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Vijana waliokuwa wakipanga viti walimwona mtu mwenye kofia na kanzu wakamheshimu, wakampa kiti cha mbele na soda, na mmoja akamuuliza kwa adabu ametoka wapi na anamfahamu vipi marehemu. Alijibu kitu, sikukisikia. Alikaa pale soda imemwishia mkononi, akitazama nyumba ambazo nyingine zilikuwa zimebomolewa na nyingine kujengwa upya upande mwingine, akitazama moshi wa jikoni ambako mkewe alikuwa akiitwa kwa jina la mwanawe. Baadaye aliinuka akaja nilipokuwa. Nilidhani ataniuliza kuhusu baba, kama alisema neno mwishoni. Alinishika bega, akainamisha kichwa ili wengine wasisikie.

"Kioko," akasema, "choo iko wapi siku hizi?"

Nikatembea naye mpaka nyuma ya zizi, nikamwonyesha, nikasimama mbali kidogo kumngoja, kama mtu anavyofanya kwa mgeni.